Nyuki Aliyebebwa Kutoka Pwani

Mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu katika chumba cha wadudu, nami nimeandika, ingawa mngeweza kuniuliza nilipokuwa bado nina kiti pale dirishani. Vyeo sitavitaja. Vimo kwenye faili, na faili limo kabatini, na ufunguo wa kabati anao karani ambaye hapatikani siku ya Ijumaa. Nitaandika mambo ambayo hayamo kwenye faili.

Nilianza kazi mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa binti wa fundi seremala wa mjini Tabora, nimetoka shule, na barua niliyopewa ilisema mimi ni msaidizi wa maabara. Baba aliisoma mara mbili, akaniuliza nitasaidia wadudu gani. Nikamwambia wote. Akasema, "Basi heri wawe wamekufa kwanza."

Walikuwa wamekufa. Walijaa kwenye masanduku ya mbao tangu sakafuni hadi darini, na miguu ya meza ilisimamishwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili sisimizi wasipande kuja kuwala. Bwana mkubwa wa Kizungu alikuwa ameshafunga mizigo. Aliyebaki na kazi yote mikononi ni Mzee Petro, Mmoravian wa Sikonge, mtu mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Darasa la nne ndilo alilofikia. Mbung'o, nyuki, nyigu na mende wa mkoa huu aliwajua kama mchungaji anavyowajua waumini wake, pamoja na dhambi zao.

Siku ya kwanza alinipa nzi hamsini na pini hamsini. Pini hupita kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Mimi niliwapitishia katikati. Mzee Petro aliwatazama wote hamsini, mmoja mmoja, kisha akaleta nzi wengine hamsini. Jioni ya siku ya tatu akasema, "Sasa hawa wanaweza kutazamwa." Sikuwahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwake, na nilifanya naye kazi zaidi ya miaka kumi.

Alinifundisha kuandika lebo kwa wino mweusi, kwa herufi ndogo kuliko punje ya ulezi. Lebo ina mahali, tarehe na jina la aliyemkamata mdudu. Alinifundisha kubadilisha kafuri kila baada ya mvua, na kufuta lenzi ya hadubini kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, si kwa pindo la kanga. Alinifundisha pia kusema "sijui", jambo ambalo shuleni lilikuwa linaadhibiwa.

Halafu likaja Azimio, na baadaye kidogo akaja kwetu Dakta Shirima, kijana aliyesomea wadudu ng'ambo. Alikuwa mpole na mwenye haraka, watu wa namna hiyo ni wachache. Alitaka kituo chetu kiandike chenyewe habari za wadudu wa nchi hii, badala ya kuwatuma ng'ambo kwenye maboksi ili waandikwe na wengine. Tulikubaliana naye. Tatizo lilikuwa kwamba wadudu wetu karibu wote walikuwa wameshapewa majina na hao wengine.

Bi Mwanaidi aliingia chumbani kwetu wakati watu wa vijiji walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Alikuwa mama mzee wa Kinyamwezi, mfupi, amejifunga kaniki, na mkononi ana kifurushi cha kitambaa. Alikaa kwenye kiti changu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Mwangaluka," alimsalimu Mzee Petro, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mtoto wa seremala?"

"Ndimi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimeambiwa hapa mnaweka wadudu na hawaozi."

"Tunajaribu."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na pande la sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti ambao watu wa pwani huuchimba ardhini. Lilikuwa kubwa kama ngumi, rangi ya chai ya rangi, na ngozi yake ina vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hiyo ndiyo dalili ya sandarusi iliyokaa sana ardhini. Ile mpya, watu huiita chakazi, ni laini na haina vipele. Upande mmoja, chini kidogo ya ngozi, alikuwamo mdudu mdogo mweusi, mabawa yamekunjuka.

Alitueleza habari zake bila kuzipamba. Babu yake, Mihambo, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi na marobota ya nguo, mara nyingi kiasi kwamba vidole vya miguu yake vilikuwa vimetanuka kama vya bata. Katika safari ya mwisho mchimbaji mmoja wa pwani alimpa pande hilo, kwa sababu alimsaidia kumtoa mwenzake aliyefukiwa shimoni. Wajukuu waliolirithi walikuwa wakilitazama siku za sikukuu. Sasa Bi Mwanaidi alikuwa anahama. Jirani yake alikuwa amehama wiki iliyotangulia, na jiwe lake la kusagia halikuonekana tena.

"Nitunzieni mpaka nipate paa," alisema.

Nikamwandikia hati: pande moja la sandarusi, lina mdudu, mali ya Bi Mwanaidi, litarudishwa atakapolidai. Nikatia sahihi. Hakujua kusoma, lakini aliikunja vizuri na kuifunga kwenye pindo la kaniki.

Alipoondoka, Mzee Petro alichukua lile pande na lenzi ya mkononi, akaenda navyo dirishani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema, "Nyuki. Wa wale wadogo wasiouma. Ila huyu simjui."

Kama mngemfahamu Mzee Petro mngeelewa kwa nini niliweka kalamu chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya kazi yangu, nami nalieleza ili mtu asilirudie. Pande lilikuwa na uchafu wa moshi wa miaka mingi. Nilitaka tumwone nyuki vizuri. Nikachovya pamba kwenye spiriti, kama tunavyofanya kwa vioo, nikasugua. Kaharabu halisi, ule utomvu uliogeuka jiwe kabisa, haijali spiriti. Sandarusi inajali. Kufumba na kufumbua uso ulianza kunata kwenye kidole, kisha ukafanya ukungu na nyufa ndogondogo, na nyuki akatoweka nyuma ya ukungu huo kama mtu aliyefungiwa dirisha.

Nilimpelekea Mzee Petro. Alilinusa, akalirudisha mezani.

"Ulikuwa unataka kulisafisha," alisema.

"Ndiyo."

"Limesafika."

Usingizi ulinipita wiki nzima. Jiwe halikuwa langu, na sahihi ilikuwa yangu.

Dakta Shirima alipoambiwa, alinitazama mimi kwanza, halafu akalitazama jiwe kwa saa nzima. Alisema uso uliounguzwa unaweza kuondolewa kwa msasa, na kwamba ikiwa Mzee Petro hamjui nyuki huyu, basi huenda hakuna anayemjua. Tukimwandika, ingekuwa spishi ya kwanza kuandikwa na watu wa chumba kile. Lakini ili kumwona miguu ilibidi pande likatwe kwa msumeno. Na kuna sheria moja ambayo nyote mnaijua: kielelezo kilichotumika kutoa jina jipya hakiwezi kukaa mikononi mwa mtu binafsi. Lazima kiwekwe kwenye makumbusho, mahali ambapo yeyote mwenye shaka ataweza kwenda kukitazama.

"Na hati niliyomwandikia?" nikauliza.

"Hilo," akasema Dakta Shirima, "utakwenda kumweleza wewe."

Nilikwenda na Mzee Petro kwa baiskeli. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mstari mnyoofu, nusu yake hazijaezekwa. Bi Mwanaidi alikuwa anakandika ukuta. Alinawa mikono akatuwekea vigoda.

Nikaanza na baya. "Bibi, jiwe lako nimeliharibu kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Nikampa. Alilipapasa kwa kidole gumba pale penye ukungu, akalisogeza puani. "Harufu haijatoka," alisema. "Ulilifanya nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza pia la nyuki, la msumeno, na la makumbusho. Mzee Petro alikuwa anatazama kuku.

"Kwa hiyo halirudi," alisema.

"Nusu itarudi. Ile yenye nyuki hairudi."

"Karatasi yako ilisema litarudi."

"Ilisema."

"Uliandika wewe."

"Niliandika mimi, bibi. Ukisema hapana, ninakuachia jiwe hapa na tunaondoka. Hakuna atakayekuja kukusumbua." Dakta Shirima hakuwa amenipa ruhusa ya kusema hivyo.

Kuku walipita. Kisha Bi Mwanaidi akauliza huyo nyuki atakuwa wapi, na nikamwambia Dar es Salaam, na kwamba mtu yeyote ataruhusiwa kumwona, hata yeye.

"Babu alifika huko upande wa pwani kwa miguu," alisema. "Na mtaandika nini juu ya huyo nyuki?"

"Tutaandika kwamba alipatikana pwani, ndani ya sandarusi."

"Hakupatikana." Sauti yake haikupanda. "Alibebwa. Babu yangu alibeba pembe kwenda na nguo kurudi, na vyote vilikuwa vya watu. Hilo jiwe ndilo mzigo pekee uliokuwa wake. Andika hivyo, halafu kakateni."

Nikasema nitaandika. Safari hii sikumpa karatasi, wala hakuiomba.

Kazi ya msasa ilichukua miezi. Unasugua ndani ya maji ili jiwe lisipate joto, kwa msasa wa chembe kubwa, kisha wa chembe laini, kisha kwa ngozi ya mbuzi iliyopakwa unga wa kupigia mswaki. Unasugua mara kumi, unatazama, unasugua mara kumi. Mfamasia wa hospitali ya Kitete alitupa glisirini; tone moja juu ya uso, kipande cha kioo juu yake, na mikwaruzo yote iliyobaki inapotea machoni. Tulimwona nyuki kama aliyetua asubuhi hiyo. Alikuwa na chavua mguuni.

Siku moja nilisugua mara kumi na mbili. Ncha ya bawa la kushoto ilikuwa karibu na uso kuliko nilivyodhani. Maelezo yaliyochapishwa yanasema, "ncha ya bawa la kushoto haipo." Hayasemi ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye bakuli langu la maji.

Dakta Shirima aliandika, Mzee Petro alihesabu, mimi nilichora na kupiga taipu. Tofauti za nyuki huyu na wenzake zilikuwa mbili: mshipa mmoja wa bawa uliokatika kabla ya kufika ukingoni, na mguu wa nyuma uliopinda kama kijiko. Tulimlinganisha na nyuki wote wadogo waliokuwa masandukuni, nao walikuwa wachache, kwa kuwa nyuki asiyeuma haleti ugonjwa na hakuna aliyetoa gari kwenda kumkusanya. Hatukujali sana. Jiwe lilikuwa la kale, kwa hiyo tuliamini mdudu wake pia ni wa kale na ameshatoweka duniani. Mtaona matokeo ya kuamini hivyo. Jina tulilompa lilitokana na Mihambo, likaongezewa mkia wa Kilatini.

Jarida la ng'ambo lilikubali, kwa sharti moja. Mhariri alitaka sentensi ya mpagazi iondolewe. Alisema namna jiwe lilivyosafirishwa si sayansi. Dakta Shirima aliikata sentensi kwa kalamu nyekundu, akaniletea kurasa nizipige upya.

"Hii siwezi kuipiga, Dakta," nikasema.

Tangu nimeanza kazi sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa. Mzee Petro alisimamisha pini hewani.

"Bi Zaituni, ni sentensi moja."

"Shimo hatulijui. Mwaka hatuujui. Mchimbaji hatumjui. Tunachojua ni nani alilibeba na alilifikisha wapi. Tukikata hiyo, lebo inabaki tupu."

Alisimama pale akiwa ameshika kalamu. Alikuwa mtu wa haki, tatizo ni kwamba alikuwa hajaombwa haki kwa namna hiyo. Hatimaye akasema, "Piga kama ilivyokuwa. Barua ya kumjibu nitaandika mwenyewe." Sijui aliandika nini. Sentensi ilichapishwa kama ilivyokuwa: lilibebwa na Mihambo, mpagazi, kutoka pwani hadi Unyanyembe. Nilimpelekea Bi Mwanaidi nakala pamoja na nusu yake ya jiwe. Alinifanya nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa jina, akapatazama sana, akaniuliza kama herufi zote zimo.

Mzee Petro alistaafu mwaka uliofuata. Aliniachia miwani yake ya akiba na uzi wake.

Miaka michache baadaye nilitumwa Ulyankulu, walikohifadhiwa ndugu wakimbizi kutoka Burundi, kutazama namna wanavyofuga nyuki. Mkulima mmoja alipasua gogo ili nione asali ya nyuki wadogo, ile watu wanayoitafuta kwa dawa ya kikohozi. Wakatoka wakanijaa machoni na puani, kama kawaida yao. Nilikusanya kama thelathini kwenye chupa, kwa mazoea tu.

Ofisini niliwapitishia pini, nikamweka wa kwanza chini ya hadubini. Mshipa wa bawa ulikatika kabla ya kufika ukingoni. Nikageuza mguu wa nyuma. Kijiko. Nikamweka wa pili, wa tatu, nikawamaliza wote thelathini. Nikatoa mchoro wangu wa zamani nikaulinganisha mshipa kwa mshipa. Hapakuwa na tofauti yoyote, isipokuwa kwamba hawa walikuwa na ncha zote za mabawa.

Chumbani nilikuwa peke yangu. Nakiri kwamba nilikaa kitambo nikiwaza. Hakuna aliyewajua wale nyuki wa Ulyankulu. Sanduku lingeweza kuanguka. Nikachukua kalamu, nikawaandikia lebo kamili, mahali, tarehe na jina langu, kwa sababu mdudu akishapata lebo ni vigumu kumpoteza kwa bahati mbaya.

Dakta Shirima alitazama kwa dakika ishirini. "Sandarusi yetu haikuwa ya kale kama tulivyodhani," alisema.

"Wala nyuki hakutoweka."

"Tungeweza kusubiri. Mwingine atakuja kuligundua."

"Atakuja. Na atauliza sisi tulikuwa wapi."

Tukatuma nyuki kumi ng'ambo kuuliza kama spishi hiyo iliyo hai ina jina. Kama haikuwa nalo, jina letu lingesimama na nyuki wote wa msituni wangeitwa kwa jina la Mihambo. Tulingoja majibu tangu kupanda mpaka kuvuna. Yalipokuja yalikuwa mafupi na ya adabu. Nyuki huyo alishapewa jina zamani za Wajerumani, kutokana na kielelezo kimoja kilichokaa sandukuni bila kutazamwa tena. Kwa sheria, jina la kwanza ndilo jina. La kwetu lingeandikwa chini yake, kwa herufi ndogo, miongoni mwa majina yaliyofutwa.

Dakta Shirima alisema tuandike taarifa fupi ya kujisahihisha, nami niipige. Hilo sikulikataa. Lakini kabla ya kuipiga niliomba siku moja, nikaenda kijijini kwa Bi Mwanaidi.

Nyumba yake ilikuwa na paa sasa. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini alinijua kwa sauti. Nilimweleza tulikosea. Nilimweleza kwamba nyuki wa jiwe na hawa wa gogoni ni wamoja, na kwamba jina la babu yake linashuka chini.

"Linafutwa?"

"Halifutwi kabisa. Linakaa chini ya jingine. Kila atakayeandika habari za nyuki huyu ataliona, ila hatalitumia."

"Hawa unaowasema ndio hawa hawa wa huku kwetu? Wanaoingia machoni?"

"Hao hao, bibi."

"Waliomo porini hapo nyuma?"

"Hao."

Akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akafuta machozi kwa pindo la kaniki, na mimi niliyekuja kutoa rambirambi nikawa sijui pa kuweka mikono.

"Maskini babu," alisema. "Miezi mitatu njiani. Anakanyaga miiba, anavuka Ugogo bila maji, anakilaza kile kijiwe kifuani asikipoteze. Anawaletea watu wa nyumbani ajabu ya pwani. Kumbe amewaletea nyuki wao!"

Akacheka tena, na safari hii nilicheka naye.

"Kaandike na hilo," aliniambia nilipokuwa naaga.

Niliipiga taarifa kesho yake, mistari tisa, ikachapishwa bila sharti lolote. Hilo la Bi Mwanaidi halikuwamo. Hakuna jarida ambalo lingelikubali, na Dakta Shirima nilikuwa nimeshamchosha vya kutosha. Nimeliandika hapa.